MAMA, USIULIZE REJESHO. ULIZA BEI.

Sehemu ya 1

Mama zangu, wiki hii siandiki kuhusu homa wala chanjo. Naomba mnivumilie. Naandika kuhusu magari, na najua kuna atakayesema, "nesi na magari wapi na wapi?" Subiri.

Mwezi uliopita mwenzangu wa wodini alitoka zamu ya usiku akakuta sehemu aliyopaki gari pako tupu. Alidhani ameibiwa, akaanza kupiga kelele. Mlinzi ndo akamwambia, "Sista, wamekuja na winchi saa kumi na moja, wana karatasi." Ndani ya gari kulikuwa na kiti cha mtoto, mkoba wa kliniki na khanga mbili za mtoto njiti aliyekuwa bado amelazwa kwetu. Alikuwa amelipa marejesho 18 kati ya 24.

Nikiwaambia alishatoa shilingi ngapi mpaka asubuhi ile, na gari lenyewe lilikuwa linauzwa shilingi ngapi siku ya kwanza, mtakaa chini. Nitawaambia, ila twende taratibu ili kila mtu aelewe.

Na kuna jambo jingine linanichoma zaidi. Ile yadi nilimpeleka mimi.

Sehemu ya 2

Nianze na yangu. Mtoto wangu wa pili ana pumu. Mama mwenye mtoto wa pumu anajua saa nane usiku ikoje, pale mbavu zinapoanza kuingia ndani. Mvua inanyesha, boda wa kwanza hapokei simu, wa pili anataka elfu kumi na tano. Nimembeba mwanangu kwenye bodaboda mvua ikitupiga, mkono mmoja umeshika pampu, mwingine umeshika jaketi la dereva. Mimi nesi! Siku ile nikaapa nitanunua gari hata la kukokota.

Kwa hiyo mtu asije kwenye koment akaandika "wanawake wanapenda mashoo, si wapande daladala." Daladala za saa nane usiku tuonyeshe wewe. Wapo wanaonunua gari ili waonekane, hao wana mada yao. Mimi naongea na mama anayenunua gari kwa sababu ameshaogopa mara tatu.

Nilianza benki. Wakaniambia theluthi haitoshi. Watumishi wa umma mnaelewa: makato yote yakishatoka lazima theluthi ya mshahara ibaki. Mimi nilikuwa na bodi ya mikopo na mkopo wa kiwanja, nafasi ikawa imekwisha. Nilitoka pale nimekasirika, naona wananionea.

Yadi hawakuangalia theluthi. Walitaka kitambulisho, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili na kianzio. Nikasema hawa ndo watu. Kumbe ile kanuni niliyoitukana benki ndiyo ilikuwa inanilinda.

Sehemu ya 3

Sasa sikiliza mazungumzo yanavyokwenda, maana yanafanana kila yadi niliyoingia, na nimeingia nyingi.

Kijana wa mauzo anakukaribisha vizuri, anakupa kiti na maji baridi. Akijua wewe ni nesi anakuita sista. Unaonyesha kidole, "Ile IST nyeupe shilingi ngapi?" Anacheka kidogo. "Sista, bei isikuogopeshe, maongezi yapo. Kwanza niambie, kwa mwezi unaweza rejesho la shilingi ngapi?"

Hapo hapo ndo unaliwa, mama.

Ukisema laki saba, ameshapata anachotaka. Hutauliza tena bei, utauliza kama inaingia kwenye laki saba. Na itaingia. Gari lolote linaingia kwenye laki saba ukiongeza miezi na kianzio. Anabonyeza kikokotoo, anakugeuzia, "Umeona? Laki saba na kumi na sita tu." Wewe unashukuru Mungu.

Hebu nifikirie mimi wodini. Mama ameleta mtoto ana homa, namuuliza, "Mama, mwanao anaweza kumeza vidonge vingapi?" Akisema vinne, nampa vinne. Mtanifukuza kazi, na mtakuwa na haki. Dozi haitokani na anachoweza kumeza mtu. Inatokana na ugonjwa, uzito na umri. Vivyo hivyo bei ya gari inatokana na gari. Mshahara wako hauhusiki, na anayeuliza mshahara wako kabla ya kutaja bei anapima koo lako tu.

Sehemu ya 4: Hesabu

Chukua kalamu. Hizi ni namba za mkataba wangu, na wa mwenzangu ulikuwa vilevile, gari la aina moja na yadi moja.

Bei ya keshi: 15,000,000. Hii niliijua baadaye, baada ya kumtuma shemeji yangu akajifanya ana hela mkononi.

Bei ya mkopo: 17,500,000. Gari ni lile lile, na riba bado haijaanza. Milioni mbili na nusu zimeongezwa kwa sababu tu umesema neno "mkopo".

Kianzio: 7,500,000. Deni likabaki 10,000,000.

Riba: asilimia 3 kwa mwezi, miezi 24. Asilimia tatu inasikika kama chumvi tu, si ndiyo? Laki tatu kila mwezi mara 24 ni 7,200,000.

Gharama za kuandaa mkopo: 500,000. GPS ya kulifuatilia gari: 350,000. Yaani nimelipia mwenyewe kamba ya kunifungia.

Jumlisha: kianzio 7,500,000, deni 10,000,000, riba 7,200,000, gharama 850,000. Jumla 25,550,000.

Gari la milioni 15 nimelinunua kwa milioni 25 na nusu. Bima kubwa sijaiweka, maana bima kubwa ina faida yake na sitaki mtu aseme napiga chumvi. Ila nayo nililazimishwa kukata kwa wakala wao.

Sasa yule mwenzangu. Kianzio milioni 7.5, marejesho 18 ya 716,667 ambayo ni milioni 12.9. Jumla milioni 20.4, achana na zile 850,000. Kwa hiyo asubuhi winchi ilipokuja, alikuwa ameshalipa bei ya keshi ya lile gari na milioni tano juu. Alibakiza milioni 4.3 pamoja na riba. Alichelewa kwa sababu mtoto alizaliwa kabla ya wakati na mkataba wa kazi wa mumewe ukaisha mwezi huo huo. Karatasi ilisema siku 14. Siku ya 15 winchi ikaja.

Sehemu ya 5: Ile asilimia tatu

Hapa ndipo wengi tunapotelea, hata sisi tuliosoma, kwa hiyo msione aibu.

Kuna riba inayopungua na riba isiyopungua. Inayopungua inahesabiwa kwenye deni lililobaki. Ukilipa deni linashuka, na riba inashuka nalo. Isiyopungua inahesabiwa kwenye deni la siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa karibu lote.

Angalia mkataba wangu. Milioni 10 kwa miezi 24, kila mwezi nilikuwa napunguza deni 416,667 na riba 300,000. Mwezi wa kwanza nadaiwa milioni 10, nalipa riba laki tatu. Sawa. Mwezi wa 24 nadaiwa 416,667 tu, na riba bado laki tatu! Hivi kuna mama yeyote wa kikoba anayeweza kumkopesha mwenzake laki nne akamwambia mwisho wa mwezi niletee na laki tatu juu? Mngemsema mpaka ahame mtaa. Lakini ikiandikwa kwenye karatasi yenye muhuri tunasaini na kupiga picha na funguo.

Asilimia tatu hiyo hiyo ingekuwa ya kupungua, rejesho langu lingekuwa kama laki tano na elfu tisini kwa mwezi, na riba yote isingefika milioni 4.2. Tofauti ni zaidi ya milioni tatu. Asilimia ni ile ile, miezi ni ile ile, kilichobadilika ni neno moja ambalo hakuna aliyenisomea.

Kwa hiyo ukiambiwa "riba yetu ni ndogo", jibu lako liwe moja: "Inapungua au haipungui?" Kisha nyamaza umwangalie.

Sehemu ya 6: "Si alisaini mwenyewe?"

Nilijua litakuja, na limeshakuja kwenye koment za jana. "Mtu mzima, kasoma, kasaini. Asilie."

Nawajibu kama nesi. Hospitali tuna fomu ya ridhaa. Kabla ya upasuaji mgonjwa anasaini. Lakini tunafundishwa kwamba saini peke yake haitoshi. Lazima aelezwe anafanyiwa nini, hatari zake ni zipi na njia nyingine ipo au haipo, kwa lugha anayoielewa. Nikimpa mama mwenye uchungu karatasi ya Kiingereza nikamwambia "saini hapa, hapa na hapa", hiyo si ridhaa. Ni wino tu.

Mkataba wangu ulikuwa kurasa tisa za Kiingereza. Niliusaini nimesimama, mtoto mgongoni analia, kijana akifungua kurasa pale pa kusaini tu. Neno linaloeleza riba haipungui lilikuwa ukurasa wa sita. Bei yote ya mwisho, ile 25,550,000, haikuandikwa popote. Nimeutafuta ule mkataba mara tatu, haipo! Ni ya kujumlisha mwenyewe.

Wengine wanasema, "wafanyabiashara nao wanabeba hatari." Hatari ipi? Wameshika kianzio karibu nusu ya bei. Kadi ya gari ina jina lao mpaka umalize. GPS inawaonyesha mpaka duka unalonunulia maziwa. Wadhamini wawili wamesaini. Hatari yote ipo kwako, na bado wanakutoza kana kwamba wameibeba wao.

Nitende haki pia. Kodi ya kuingiza gari nchini ni nzito kweli. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, na ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini na umri wa gari. Mwenye yadi hakuvitunga hivyo, na mtaji wake nao una gharama. Apate faida, simuonei wivu. Na zipo yadi zinazokuandikia kila kitu wazi. Ninachokataa ni faida inayofichwa. Ndugu zetu Waislamu wana mauzo ya murabaha: muuzaji anakutajia alichonunulia, faida yake na bei yote, siku ya kwanza, na bei hiyo haiongezeki tena. Kwa hiyo inawezekana kusema bei kamili mbele ya mteja. Anayekuambia haiwezekani hataki tu.

Sehemu ya 7: Sasa ufanye nini

Nisije nikawaacha na hasira tupu. Haya nimeyajifunza kwa gharama ya milioni kumi na nusu, nyie chukueni bure.

1. Kabla hujaenda, ingia tovuti ya TRA. Kuna kikokotoo cha magari yaliyotumika. Unaweka aina, mwaka na injini, unaona kodi yake. Utafika yadi ukijua gari limegharimu nini, na hutatishwa na "kodi imepanda sista".

2. Uliza bei ya keshi kwanza, na uipatane mpaka mwisho kama vile hela unayo. Usitaje mkopo. Usitaje kianzio ulichonacho. Ukisema una milioni nane, kianzio kitakuwa milioni nane, hata kama jana kilikuwa sita.

3. Ukiulizwa "unaweza rejesho la ngapi?", sema: "Hilo nitalijua baada ya kujua bei." Rudia kama kasuku.

4. Bei ya keshi ikishakubalika, ndipo useme, "Na kwa mkopo jumla nitalipa ngapi, senti ya mwisho?" Waiandike. Wakikataa kuandika, nyanyuka.

5. Nyanyuka kweli. Magari yapo mengi kuliko wanunuzi. Mimi gari la pili alilonunua dada yangu tuliondoka mara mbili, mara ya tatu wakatupigia wenyewe na bei imeshuka milioni moja na laki mbili. Kama bei haishuki, omba tairi, betri na sevisi ya kwanza.

6. Nenda na fundi wako, mchana, jua likiwaka. Kilometa kwenye dashibodi usiziamini sana, zinarudishwa nyuma. Angalia pedali, usukani na kiti cha dereva. Gari "lililotembea kidogo" haliwezi kuwa na pedali zilizolika mpaka chuma. Na usilipie herufi. Namba E haitengenezi injini.

7. Kama gari limeshatembea hapa nchini, angalia faini za trafiki mtandaoni na jina lililopo kwenye kadi. Jina la kadi na jina la anayekuuzia yakitofautiana, uliza mpaka uelewe.

8. Uliza maswali matatu, majibu yaandikwe: Nikimaliza mapema riba inapungua? Nikichelewa mnanipa siku ngapi, na mtanijulisha vipi? Mkilichukua gari mkaliuza, kinachozidi deni kinarudi kwangu? Mwenzangu hili la tatu hakuuliza. Mkataba haukusema kitu, na mpaka leo anazungushwa.

9. Anayekukopesha awe na leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, kampuni ya mikopo isiyopokea amana lazima iwe na leseni ya Benki Kuu. Omba kuiona. Hii si dharau, hata mimi nikikuchoma sindano una haki ya kuuliza kama nimesajiliwa.

10. Chukua mkataba nenda nao nyumbani. Lala nao usiku mmoja. Wakisema "ofa inaisha leo", basi iishe.

Sehemu ya 8: Kwa wenye theluthi kama yangu

Dada mmoja ameuliza, "sasa sisi ambao benki wametukataa tufanye nini?" Swali zuri na jibu lake halifurahishi.

Subiri. Jaribu SACCOS ya kazini, nyingi riba yake inapungua, na wanaokusimamia ni watu unaowajua. Maliza mkopo mmoja kwanza. Nunua gari dogo na la zamani kuliko ulilotamani, bora liwe na fundi anayelijua.

Na wakati unasubiri, tafuta dereva mmoja wa bajaji mtaani kwako, mwenye simu isiyozimwa. Mlipe kidogo kila mwezi, awe wako usiku. Mimi ningefanya hivyo miaka miwili, kwa elfu hamsini kwa mwezi ingekuwa milioni 1.2. Mtoto wangu angefika hospitali vilevile. Niliona aibu kufikiria hivyo kwa sababu wenzangu wote walikuwa wanapaki.

Na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya: mkeo akisema usiku wa pumu unamtisha, usimwambie "tutaona". Kaeni chini mfanye hesabu pamoja. Wanawake wengi niliowaona wakisaini peke yao walikuwa wamechoka kusikia "tutaona".

Sehemu ya 9: Deni langu

Nimeahidi kusema yote.

Nilipochukua gari, kijana wa mauzo aliniambia, "Sista, ukituletea mtu kuna asante yako." Nilileta wawili. Kila mmoja nilipewa laki mbili. Niliwaambia wenzangu, "Rejesho ni laki saba tu, mtamudu." Niliwauliza lile swali lile lile la yule kijana. Sikuwaambia jumla kwa sababu na mimi sikuwa nimeijumlisha, na kwa sababu sikutaka kuijumlisha.

Mmoja amemaliza kwa kuuza kiwanja. Mwingine ndiye huyu.

Nimempelekea ile laki mbili. Aliiangalia akaniambia, "Nunua pampas za mtoto, mimi siishiki." Nikanunua. Hatujarudi kuwa kama zamani. Zamu tukipangwa pamoja tunaongea mambo ya wagonjwa tu.

Kwa hiyo manesi wenzangu, walimu, na nyie mnaopita maofisini tarehe za mshahara na vipeperushi: asante mnayopewa inatoka kwenye mfuko wa rafiki yako. Imeshahesabiwa ndani ya zile milioni kumi na nusu. Ukimpeleka mtu yadi, mpeleke na hesabu yote, au usimpeleke.

Ninachotaka si kikubwa. Kila dawa ninayoshika ina tarehe ya mwisho wa matumizi, imeandikwa nje, na anayejua kusoma anaiona. Nataka kila gari linalouzwa kwa mkopo liwe na karatasi kwenye kioo, Kiswahili, mistari mitatu: bei ya keshi, bei ya mkopo, jumla utakayokuwa umelipa siku unakabidhiwa kadi. Wakiandika hayo, mama akasaini, sitasema neno.

Mpaka waandike, tuandike sisi. Kama umenunua kwa mkopo, jumlisha leo usiku watoto wakilala: kianzio, marejesho yote, gharama zote. Usitaje yadi wala jina. Weka namba mbili tu hapo chini, bei ya keshi na ulichokuja kulipa. Mimi nimeanza: milioni 15, milioni 25 na nusu.

Mama atakayeingia yadi kesho asubuhi na mtoto mgongoni akazione kabla hajakaa kwenye kile kiti.